Usimuue fundi saa ili filamu yako iheshimike

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatengeneza filamu yangu ndefu ya kwanza, kwa akiba yangu na michango ya marafiki. Ni kisa cha mzee fundi saa aliyefiwa na mkewe. Amejifungia ndani, hali mpaka asukumwe, na tangu mwanzo tunaelewa kwamba anasubiri tu siku yake ifike. Jirani yake, mama mjane anayeshona nguo, anamletea saa ya ukutani iliyokufa. Kidogo kidogo wanapendana, na mzee anapata tena hamu ya kuishi. Tumeshaunganisha karibu filamu nzima, nikawaonyesha watu kumi na wawili. Wapo waliolia. Lakini watano waliniambia inahubiri, ni tamu mno. Mtayarishaji mwenzangu anasema dawa ni mzee afe mwishoni, kwa kuwa matamasha hayaheshimu filamu za mapenzi zinazoisha vizuri. Fedha iliyobaki inatosha siku mbili za kupiga picha. Nimuue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma mswada ulioambatanisha na barua yako, kisha nimeiangalia filamu mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa kama mtazamaji wa kawaida, sina hata kalamu. Mara ya pili nilikaa kama mhariri, kazi ambayo imenilisha miaka mingi, nikisimamisha na kurudisha nyuma. Jibu la swali lako ni fupi: usimuue. Lakini wale watano nao hawakukosea, na itakuwa hasara kubwa ukiyafunika maneno yao kwa machozi ya wenzao.

Mtu anaposema filamu inahubiri, ni nadra awe anaupinga ujumbe wenyewe. Sidhani kama kati ya watano wako yupo anayeamini kwamba mzee aliyefiwa hastahili kupendwa tena. Walichokataa ni kupewa jibu wakati swali halijawachoma. Twende dakika ya 71. Mjane amesimama mlangoni, anamwambia mzee kwamba maisha bado yanamwita, na kwamba akikubali kupenda atakuwa amekubali kuishi. Muziki unapanda, mzee analia. Nimeirudisha nyuma sini hiyo, yaani onyesho hilo, nikamtazama mwigizaji wako sekunde chache kabla hajaambiwa maneno hayo. Ameshika uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta yake. Anausokota kwa vidole viwili, hajui auvute au auache. Anatazama mlango, anatazama uzi. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Nilijua mtu huyu anatamani kuombwa atoke nje, na anaogopa kuombwa. Kisha ukamtuma mjane aje anieleze nilichokwisha kukiona.

Nayajua haya kwa kuwa niliyafanya. Filamu ya kwanza niliyoiongoza ilikuwa na sini ya mwisho ya dakika mbili nzima, baba akimweleza bintiye maana ya upendo. Niliiandika usiku mmoja, na nilipomaliza nilikuwa nalia. Siku ya kuonyeshwa nilikaa safu ya nyuma. Yale maneno yalipoanza, niliona vichwa vinainama. Watu walikuwa wanatafuta mikoba yao chini ya viti, kwa sababu kwao filamu ilikuwa imekwisha. Ilikwisha kwenye sini iliyotangulia, pale baba alipopiga goti kumfunga binti yake kamba za kiatu, binti mtu mzima aliyevunjika mkono, wote wawili kimya. Sikuwahi kusahau sauti ya ile mikoba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyaondoa maneno ya dakika ya 71, yote, na muziki unaoyabeba. Mwache mzee na uzi wake, mlete mjane mlangoni, kata. Nenda kwenye picha inayofuata. Utaogopa kwamba watu hawataelewa. Wataelewa. Kamera haina uwezo wa kuonyesha hisia yenyewe, inaonyesha kile ambacho mikono na macho vinafanya wakati hisia imekaba. Upendo unaingia kwenye picha pale mtu anapotoa kitu ambacho hana cha ziada: usingizi wake, muda wake, siri yake, heshima yake mbele ya watu.

Charlie Chaplin aliliweka jambo hili kwenye kiganja cha mkono, kwa maana halisi ya neno hilo. City Lights ilitoka mwaka 1931, akiigharimia mwenyewe na akiiacha bila mazungumzo wakati filamu za sauti zilikuwa zimeshateka majumba ya sinema. Mzururaji asiye na kitu amemtafutia msichana muuza maua, kipofu, fedha za kutibiwa macho. Msichana anaamini mfadhili wake ni tajiri. Mwishoni ameshapona, ana duka lake, na anamwonea huruma mtu mmoja aliyechakaa anayemkodolea macho dirishani. Anatoka ampe ua na sarafu. Anamshika mkono ili aiweke sarafu, na vidole vyake vinautambua mkono ule kabla macho yake hayajamtambua mtu. Chaplin hakutuambia kama msichana atamkubali. Picha inafifia tukiwa bado usoni kwa mzururaji. Karibu karne moja imepita na bado watu wazima wanashindwa kuiangalia sini hiyo bila kumeza mate.

Sasa nije kwa mtayarishaji mwenzako. Amenusa tatizo la kweli, mheshimu kwa hilo. Amehisi kwamba katika filamu yenu hakuna kitu kinachoweza kupotea, na kifo ndicho kilichokuwa karibu na mkono. Lakini fikiria kifo hicho kingefanya kazi gani. Kwa dakika themanini mnamshawishi mzee kwamba inafaa kufungua mlango. Anafungua, mnampiga rungu. Watazamaji watahuzunika, ndiyo, ila huzuni hiyo itakuwa imetoka kwenu ninyi mliokuwa na fedha za siku mbili na woga wa kuonekana wepesi. Haitakuwa imetoka ndani ya yule mzee.

Na hoja ya matamasha haisimami. Mwaka 1955 tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, lilitoa tuzo yake kuu, Palme d'Or, kwa mara ya kwanza chini ya jina hilo, na iliyoipata ni filamu ya Marty, kisa cha muuza nyama mpole wa miaka 34 aliyekwisha kukata tamaa ya kupata mke, ambaye usiku mmoja anakutana na mwalimu mpweke kama yeye. Ilitengenezwa na kampuni iliyokuwa nje ya studio kubwa, kwa bajeti ndogo kwa vipimo vya Hollywood, na ikachukua pia Oscar ya filamu bora. Inaishia mtu akipiga simu. Hafi mtu, haoi mtu.

Kama mnataka kifo kifanye kazi, kipelekeni mwanzoni, ambako tayari mnacho na mmekiogopa. Mke wa mzee amekufa, lakini kwenye filamu tunalijua hilo kwa picha ya ukutani na sauti ya jirani anayesimulia. Sikukiona kifo hicho kikikaa ndani ya nyumba. Na haya nayasema kwa uchungu, kwa sababu mswadani ukurasa wa 6 umeandika kitu kizuri sana: kwamba mzee bado analala upande wake mmoja tu wa kitanda, na kila asubuhi anatandika upande wake peke yake, kwa kuwa ule wa pili haujaguswa. Niliisubiri picha hiyo nisiione. Kama mliipiga mkaikata kwa ajili ya mwendo wa filamu, irudisheni leo. Kama hamkuipiga, ni nusu saa ya kazi. Sekunde kumi za mkono wa mzee ukilainisha shuka na kusimama katikati ya kitanda, kana kwamba kuna ukuta pale, zitafanya kazi ambayo simulizi ya jirani haifanyi kwa dakika tatu.

Filamu ya kupenda maisha inasimama pale tu ambapo maisha yangeweza kweli kushindwa. It's a Wonderful Life ya mwongozaji Frank Capra, iliyotoka Desemba 1946, siku hizi watu wengi wanaikumbuka kama filamu ya furaha ya sikukuu. Ilitoka kwenye kampuni ambayo Capra na wenzake walikuwa wameianzisha ili wasiwe chini ya studio, na ilipotoka haikurudisha gharama zake. Ukiiangalia leo utashangaa jinsi sehemu kubwa yake ilivyo nzito. Zaidi ya nusu ya filamu ni mtu mmoja akiachia ndoto zake moja baada ya nyingine: safari, masomo, hata fedha za fungate zinakwenda kuokoa kampuni ya familia na amana za watu wa kipato cha chini. Anapofika darajani usiku mmoja hatuna shaka kwamba angeweza kujitupa. Na kuna jambo jingine ambalo nawaambia wanafunzi wangu kila nikipata nafasi. Tajiri aliyezificha dola 8,000 za kampuni hiyo, upungufu uliompeleka darajani, harudishi hata senti. Hakamatwi, haaibishwi, hatubu. Majirani wanachanga, nyumba inajaa watu, na uovu umebaki pale pale ulipokuwa, mtaa wa pili. Ndiyo maana furaha ile inatuingia. Capra hakutudai tuamini kwamba dunia imetengemaa.

Tatizo lako la pili hakuna aliyekuambia, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko lile la hotuba. Mjane wako ni malaika. Anakuja na bakuli la chakula, anatabasamu, anafagia, anaondoka. Anarudi kesho yake. Hachoki, hakasiriki, hana siku aliyoamka vibaya, hana anachokihitaji kwa mzee yule zaidi ya kumwona anapona. Mtu wa namna hiyo hawezi kupenda, maana hana cha kupoteza. Naye amefiwa! Saa aliyoileta ilikuwa ya mumewe. Umeliandika hilo mwenyewe kisha ukalipita mbio.

Jiulize kwa nini ile saa ilikufa. Mimi nilipoangalia nilijijibu hivi: mume ndiye aliyekuwa akiitia ufunguo, na baada ya mazishi mke hakuweza kuigusa. Imesimama kwa sababu ya kifo kile, na sasa anaipeleka kwa fundi akiwa nusu anataka itembee na nusu anaomba ishindikane. Ukikubali hilo, una filamu ya watu wawili. Na unaweza kulipata bila kupiga picha mpya hata moja. Zipo sini tatu ambazo mjane analeta chakula. Kata ya pili na ya tatu. Iache saa iliyokwisha kutengenezwa ikilia ukutani kwa mzee, siku zikipita, na mwenyewe haji kuichukua. Unayo picha ya mzee akitazama dirishani, dakika ya 44, ambayo sasa haina kazi. Itapata kazi. Kutokuja kwake kutasema mengi kuliko bakuli.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana nadhani zile siku mbili zako ziko humu.

Nilipokuwa kijana niliwahi kukaa siku kadhaa kando ya meza ya fundi saa, nikijiandaa kwa filamu ambayo haikutengenezwa. Alinifundisha kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. Saa ya ukutani yenye pendulamu, ule uzito unaoning'inia na kuyumba, inataka kukaa sawasawa. Ikiinama upande kidogo tu, mlio wake unachechemea: tik-tak, kimya kirefu, tik-tak, kimya kirefu. Itatembea hivyo kwa muda, kisha itasimama, hata kama kila gurudumu ni zima na springi ni mpya. Ukiirudisha kwa fundi, ikaning'inizwa kwenye msumari wake ulionyooka, inatembea vizuri kabisa. Fundi haitazami, anaisikiliza. Anafumba macho na kuisogeza kwa ncha ya kidole, upana wa unywele, mpaka nafasi kati ya mlio na mlio ziwe sawa.

Sasa mpe mzee wako jambo hili. Kwake saa inatembea. Mjane hatimaye anakuja, anaichukua, na baada ya siku mbili anairudisha imekufa. Mzee anaifungua, anaikagua na lenzi yake jichoni, hakuna kasoro. Anaitia ufunguo, inalia vizuri. Anarudishiwa tena. Hapo unahitaji maneno mawili tu, na yasemwe kwa ukali kidogo, kwa kuwa fundi ameguswa kwenye fani yake. Mzee aseme, "Kwangu inatembea." Mjane ajibu, "Kwangu haitembei." Basi. Sote tutaelewa kwamba saa haina ugonjwa, na kwamba kuna njia moja tu ya kujua kinachoisimamisha. Lazima mtu huyu ambaye hajavuka kizingiti chake tangu mazishi avae viatu.

Umeona kilichotokea? Hakuna aliyemwambia kwamba maisha yanamwita. Ameitwa na saa, kwa kazi anayoiweza, na heshima yake ya fundi haikuvunjwa kwa kuhurumiwa. Watu walio kwenye msiba mrefu nimewaona wakirudi hivyo: mtu fulani alikuwa anawahitaji kwa jambo dogo, mahususi, ambalo mwingine asingeliweza.

Siku ya kwanza, asubuhi, piga zile sini mbili za saa kurudishwa. Ni karakana ile ile na taa zile zile, na nguo tu ndizo zitabadilika. Alasiri, jua likianza kulala, piga safari ya mzee kwenda kwa mjane. Usifunge mtaa wala usitafute watu wa ziada. Tumia lenzi ndefu, kamera ikae mbali, mwigizaji apite katikati ya watu wa kweli. Mwongozaji John Carney alifanya hivyo mitaani Dublin alipotengeneza filamu yake Once, kwa bajeti ndogo sana na siku kumi na saba hivi za kupiga picha. Wahusika wake wakuu walikuwa wanamuziki, hawakuwa waigizaji wa kazi, na kamera ilipokuwa mbali walisahau kuigiza. Filamu hiyo ilipata tuzo ya watazamaji kwa filamu za nje ya Marekani kwenye tamasha la Sundance mwaka 2007, na wimbo wake mmoja ukapata Oscar mwaka uliofuata. Mwambie mtayarishaji mwenzako kwamba humo pia hafi mtu. Wapendanao hawaishii pamoja hata, ila kijana anatumia fedha zake kumnunulia binti piano kabla hajaondoka, na hiyo piano ikiingizwa mlangoni ndiyo inayotubeba mpaka nje ya ukumbi.

Katika safari hiyo usimpe mzee wako furaha. Mtu aliyekaa ndani miezi mingi akitoka, mwanga unamuumiza. Atembee karibu na ukuta. Asimame mahali bila sababu. Ukipata shoti moja tu ambayo mtu asiyemjua anampisha njia, naye akachelewa kuelewa kwamba anapishwa, hiyo inatosha.

Siku ya pili yote ni ya ukuta wa mjane. Usijaze ratiba. Mwanga uingie kutoka dirisha moja, upande wa saa, na kitambaa cheupe upande wa pili kiurudishe kidogo usoni. Mzee anaingia, hakai. Anakwenda moja kwa moja kwenye saa, anaigusa kasha, anasikiliza. Mlio unachechemea. Anauona msumari umelala. Angeweza kuung'oa na kuupiga upya, lakini msumari huo aliupiga marehemu mume, na mjane yupo pale nyuma yake, amekunja mikono, pumzi imemsimama. Kwa hiyo mzee anaisogeza saa upande kwa ncha ya kidole, anatoa karatasi mfukoni, anaikunja mara mbili, anaichomeka nyuma ya kasha isirudi. Anasikiliza. Anaikunja mara ya tatu. Msumari wa mtu mwingine anauacha pale ulipo.

Kamera ibaki kwenye mikono ya mzee mpaka wewe mwenyewe uanze kukosa raha. Mwigizaji wako afanye kazi ile kweli. Mletee saa hiyo wiki moja kabla, akae nayo nyumbani, ajifunze kuisikia. Vidole vinavyojua kazi huwezi kuviigiza, na mtazamaji ambaye hajawahi kuifungua saa maishani mwake atajua kama anadanganywa. Kisha mlio unanyooka. Tik, tak, tik, tak. Hapo, na hapo tu, nenda usoni kwa mjane, karibu, lenzi ya milimita 85 au inayokaribia hapo, na umwache. Asilie kama hajajaa machozi. Anaisikia nyumba yake kama ilivyokuwa mumewe alipokuwa hai, na aliyemrudishia sauti hiyo ni mwanamume mwingine. Ni mzigo mkubwa kuuweka usoni kwa mtu mmoja, na ndiyo maana nasema usijaze ratiba. Mpe nafasi aifanye mara kumi.

Mwisho wa sasa, ile harusi ya mwendo wa polepole, uondoe. Si kwamba wasioane. Waoane wakitaka, sisi tukiwa tumeshakwenda nyumbani. Saa nyingi za ukutani za kutia ufunguo zinakwenda siku nane, na mafundi huwashauri wenye saa wazitie ufunguo mara moja kwa wiki, siku ile ile. Mzee amemaliza, amechukua kofia yake, yuko mlangoni. Mjane anaifungua droo ya meza, anautoa ufunguo wa saa, anamwekea kiganjani. Mzee anautazama. Mtu huyu tulimkuta akisubiri siku yake ifike. Sasa anasema, kwa sauti ya fundi anayetoa maelekezo ya kazi, "Kila baada ya siku saba." Anaufumbata. Kata, giza.

Ule wimbo wa mapenzi maarufu uliouweka chini ya majina ya mwisho, una kibali chake? Kwenye barua hukutaja, nami nahofia. Mwongozaji Charles Burnett alipiga filamu yake Killer of Sheep mwishoni mwa wiki, miaka ya 1970, akiwa mwanafunzi Los Angeles, kwa chini ya dola 10,000. Ina sini moja ya mume na mke wakicheza polepole sebuleni, yeye kifua wazi, wimbo wa mwimbaji Dinah Washington ukipigwa, mpaka mume anajiondoa mikononi mwa mkewe na kumwacha peke yake karibu na dirisha. Sijaona mapenzi yaliyochoka yakionyeshwa kwa ukweli zaidi ya hapo. Lakini haki za muziki hazikuwa zimelipiwa, na filamu hiyo haikuingia majumba ya sinema kwa njia ya kawaida mpaka mwaka 2007, baada ya kulipiwa takribani dola 150,000 kwa ajili ya nyimbo. Miaka thelathini! Burnett alikuwa na sababu, sini yake haisimami bila wimbo ule. Yako inasimama bila wako. Una saa inayolia, inatosha, na hakuna wa kukudai.

Kwa hiyo rekodi mlio vizuri. Usitegemee sauti iliyoingia wakati wa kupiga picha, humo kuna miguu, kuna pumzi za wapiga picha. Siku ya pili jioni, watu wakishapumzika, sogeza maikrofoni karibu na saa na urekodi dakika tano ikichechemea, kisha dakika tano ikiwa imenyooka. Halafu mwambie mzee aisimamishe pendulamu kwa kidole. Waombe wote wakae walipo, wasikunje waya wala kufunga masanduku, na urekodi dakika moja ya chumba hicho bila mlio wowote. Utaihitaji dakika hiyo kwa ajili ya mwanzo wa filamu, pale kwenye kitanda.